Utando wa vyombo vya upasuaji: Mombasa iulize utadumu kuoshwa mara ngapi

KILA mpishi wa Mji wa Kale anaujua ukoko. Wali wa nazi ukipaliwa makaa, tabaka la chini huganda kwenye sufuria, likageuka rangi na kushika kama lililobandikwa kwa gundi. Mezani ukoko hugombaniwa. Ukoko wa aina nyingine, ambao hakuna anayeugombania, hutokea katika chumba cha upasuaji, pale ncha ya chombo cha umeme inapogusa nyama ya mgonjwa.

Upasuaji wa umeme si jambo jipya. Mnamo Oktoba 1, 1926, mjini Boston, Marekani, daktari wa ubongo Harvey Cushing alitumia kwa mara ya kwanza mashine iliyoundwa na William Bovie, iliyopitisha mkondo wa umeme katika ncha ya chuma ili kukata nyama na kuziba mishipa ya damu kwa wakati mmoja. Uvimbe ambao Cushing hakuthubutu kuugusa kwa kisu cha kawaida, kwa kuhofia mgonjwa kupoteza damu, uliweza kuondolewa. Leo mashine za aina hiyo zimo katika hospitali kubwa zote za kisiwa cha Mombasa, kuanzia Coast General, ambayo wakongwe wa mji wangali wakiiita Makadara, hadi zile za kibinafsi na za mashirika kama vile Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital.

Tatizo lake ni lile lile la sufuria. Joto kwenye ncha hupanda kupita kiasi, protini za damu na nyama huungua, na masizi meusi huganda juu ya chuma. Masizi hayo hayapitishi umeme vizuri. Daktari hulazimika kuongeza nguvu ya mkondo, na kadiri anavyoongeza ndivyo nyama inayozunguka jeraha inavyozidi kuungua. Lililo baya zaidi ni kwamba, ncha iliyogandana na mshipa uliokwisha kuzibwa ikivutwa, huondoka na kile kifuniko cha damu iliyoganda, na mshipa ukaanza kuvuja upya. Ndipo muuguzi anapochukua kipande cha msasa na kuikwangua ncha, operesheni ikisubiri.

Msasa nao una madhara yake. Huacha mikwaruzo midogo juu ya chuma, na kila mkwaruzo huwa maskani mapya ya masizi. Ncha iliyokwanguliwa mara nyingi hushika nyama kuliko ncha mpya, jambo linalofahamika kwa yeyote aliyewahi kusugua sufuria kwa steelwire na kuona chakula cha kesho yake kikiganda zaidi.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa vyombo vya upasuaji wamekuwa wakiuza ncha, makoleo na visu vilivyopakwa utando usioshika. Utando unaojulikana zaidi ni ule wa PTFE, ambao umma unaufahamu kwa jina la Teflon. Uligunduliwa kwa bahati na mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont mwaka wa 1938. Mfaransa Marc Grégoire aliutia katika kikaango mwaka wa 1954, na miaka miwili baadaye kampuni ya Tefal ikazaliwa. Siri yake imo katika muungano wa kaboni na florini, ambao ni imara mno kiasi kwamba karibu hakuna kitu kinachoweza kuushika. Mbali na PTFE, kuna utando wa silikoni, kuna tabaka la nitridi ya titani lenye rangi ya dhahabu, na kuna kaboni ngumu mfano wa almasi. Makoleo mengine hutengenezwa kwa fedha au aloi zake, yaani madini yanayosafirisha joto haraka, ili ncha isipate nafasi ya kuchemka kiasi cha kuunguza.

Hakuna shaka kwamba teknolojia hii inafanya kazi. Kwenye upasuaji wa ubongo, ambapo mshipa mmoja ukivutwa vibaya mgonjwa anaweza kupooza, koleo lisiloganda lina thamani kubwa. Swali ambalo wanunuzi wa Mombasa wanapaswa kuuliza ni tofauti na lile linaloulizwa Ulaya na Marekani. Huko ncha nyingi za aina hii huuzwa kwa matumizi ya mara moja tu: hutumiwa asubuhi, hutupwa kabla ya adhuhuri. Mtengenezaji ameupima utando wake kwa operesheni moja. Katika hospitali nyingi za umma barani Afrika, chombo hicho hicho huoshwa, hutakaswa kwa mvuke na kurudishwa mezani, tena na tena, hadi kitakapokatika.

Hapo ndipo utando hukutana na mambo ambayo haukuandaliwa kuyakabili.

La kwanza ni mvuke wenyewe. Mtungi wa kutakasia vyombo hufikia nyuzi 121 au 134. Kiwango hicho PTFE hukivumilia bila taabu, kwani huanza kudhoofika inapopita nyuzi 260 na kuyeyuka karibu na nyuzi 327. Lakini cheche ya umeme inayoruka kutoka kwenye ncha ina joto linalozidi hilo kwa mbali, na hivyo utando hutafunwa kidogo kidogo pale pale kazi inapofanyika. Isitoshe, PTFE haipitishi umeme. Ikipakwa nene, ncha haitafanya kazi, na ndiyo maana hupakwa nyembamba. Wembamba huo ndio udhaifu wake mbele ya brashi na msasa.

La pili ni maji, na katika hili Mombasa ina matatizo ambayo Nairobi haina. Maji matamu ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima, ambazo bomba lake lilikamilika miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na chemchemi za Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Kwa miaka mingi hayajawahi kutosha. Mifereji ikikauka, wakazi wa Kibokoni na mitaa mingine ya Mji wa Kale hurudi kwenye visima vya kisiwani, ambavyo maji yake yana chumvi, au hungoja mikokoteni ya mitungi. Taasisi nazo huchimba visima na kuweka matangi. Mtu anaweza kufua kwa maji hayo, lakini chuma kina malalamiko yake. Kloridi iliyomo katika chumvi hutoboa chuma cha pua, hata kile kinachoitwa kisichoshika kutu, kwa vishimo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Utando mwembamba una matundu madogo madogo. Chumvi hupenya humo, kutu huanza chini yake, na siku moja utando hubambuka kama rangi ya ukuta ulioelekea baharini.

La tatu ni jiki. Kwa miongo mingi wauguzi wa Afrika Mashariki walifundishwa kutumbukiza vyombo vyenye damu katika maji ya klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kuviosha, ili kumlinda anayeviosha. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2016 kuhusu usafishaji wa vyombo vya tiba haupendekezi desturi hiyo, kwa sababu damu hupunguza makali ya dawa na klorini hula vyombo. Kinachotakiwa ni kuvilowesha, kuvisugua kwa sabuni inayofaa na kuvisuuza kwa maji safi, anayefanya kazi hiyo akiwa amevaa glavu nzito na aproni. Mazoea ya miaka thelathini hayaondoki kwa waraka mmoja, na hospitali itakayonunua vyombo vya utando huku ingali inavilowesha katika jiki itakuwa imenunua hasara.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya mafundi pekee. WHO ilieleza mwaka huo huo wa 2016 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Chombo chenye mikwaruzo, vishimo na utando uliobambuka nusu ni kigumu kusafisha kuliko chombo cha chuma kitupu kilicho laini. Mabaki ya damu hujificha chini ya ukingo wa utando, mahali ambapo brashi haifiki. Kwa maneno mengine, chombo kilichonunuliwa ili kisishike damu kinaweza kugeuka kuwa ndicho kinachoihifadhi.

Ajabu ni kwamba mji huu si mgeni wa elimu ya vitu visivyoshika. Teremka Bandari ya Kale, chini ya Mji wa Kale, mahali ambapo majahazi ya Lamu, Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuwa yakitia nanga. Chombo cha mbao kikikaa majini kwa miezi, makombe na majani ya baharini hushika tumboni mwake, kasi ikapungua, na minyoo ya bahari ikaanza kutoboa mbao. Wakati wa bamvua mabaharia walikipandisha ufuoni, maji yakapwa, wakakwangua tumbo lake, wakalipitishia moto wa makuti kuua wadudu, kisha wakalipaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama. Deheni haikuwa ya kudumu na hakuna nahodha aliyedai kwamba ni ya kudumu. Kazi yake ilikuwa kushikwa na uchafu badala ya mbao, kisha kukwanguliwa na kupakwa upya. Gharama ya kupaka upya ilikuwa sehemu ya hesabu ya safari, na chokaa na mafuta vilipatikana papa hapa.

Ukilinganisha na ncha ya PTFE, utaona kilichopotea. Utando wa kisasa ni bora mara nyingi kuliko deheni, lakini ukichakaa hakuna fundi wa Mombasa anayeweza kuurudisha. Kupakwa kwake huhitaji tanuri maalumu, na kazi hiyo hufanywa viwandani ng'ambo. Hospitali haina chaguo ila kununua kingine, au kuendelea na kilichochakaa. Sote tunajua lipi hutokea fedha za kaunti zinapochelewa kutoka Nairobi.

Bahari imetupa pia funzo jingine, ambalo linahusu sumu. Meli za chuma zilipochukua nafasi ya majahazi katika biashara kubwa, ziliachana na deheni zikapakwa rangi yenye kemikali ya bati iitwayo TBT. Ilikuwa dawa kamili; hakuna kombe lililothubutu kushika. Baada ya miaka michache, mashamba ya chaza ya ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa yakaporomoka, na konokono wa kike wa baharini wakaonekana wakiota viungo vya kiume. Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa mashua ndogo mwaka wa 1982. Mkataba wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini wa kuizuia kote duniani uliafikiwa mwaka wa 2001 na ukaanza kutumika Septemba 2008. Sehemu ya nafasi yake imechukuliwa na rangi za silikoni, ambazo haziui chochote bali huteleza tu.

PTFE nayo imo katika familia ya kemikali za PFAS, zile zinazoitwa kemikali za milele kwa kuwa hazivunjiki zikishaingia katika udongo na maji. Ni haki kusema kwamba PTFE yenyewe, ikiwa imetulia juu ya chombo, haijulikani kumdhuru mgonjwa. Lawama kubwa zimeelekezwa kwa kemikali zilizotumika kuitengeneza, hasa PFOA. Mwaka wa 2017 kampuni za DuPont na Chemours zilikubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi za wakazi wa bonde la mto Ohio ambao maji yao yalichafuliwa. PFOA iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake, mwaka wa 2019. Mwishoni mwa 2023 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani ukaiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Mataifa matano ya Ulaya, zikiwemo Ujerumani na Uholanzi, yaliwasilisha Januari 2023 pendekezo la kuzuia takriban familia yote ya PFAS katika Muungano wa Ulaya, na vifaa vya tiba vikawa miongoni mwa mambo yanayobishaniwa zaidi. Kampuni ya 3M ya Marekani ilikuwa imetangaza Desemba 2022 kwamba ingeacha kutengeneza kemikali hizo kufikia mwisho wa 2025. Viwanda vikibadili utando, bidhaa za zamani hutafuta masoko mengine. Haihitaji utabiri kujua kwamba bei zake zitashuka na kwamba mawakala watabisha hodi katika ofisi za ununuzi za Afrika.

Nalo suala la takataka lisisahauliwe. Vyombo vya kutumiwa mara moja huishia katika tanuri la hospitali, na PTFE ikichomwa katika moto usiotosha hutoa gesi zenye sumu ya florini. Mombasa haihitaji kufundishwa gharama ya kupokea viwanda na kemikali bila kuuliza. Wakazi wa Owino Uhuru, waliodhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri, walipewa fidia ya Sh1.3 bilioni na mahakama mwaka wa 2020, wakanyang'anywa katika rufaa mwaka wa 2023, na kurejeshewa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Ni miaka mingi ya kutafuta haki kwa madhara ambayo maswali machache ya mapema yangeyazuia.

Basi maswali yenyewe yaulizwe lini? Jibu ni wakati wa zabuni. Kenya ina kumbukumbu chungu katika hili. Mwaka wa 2015 serikali kuu ilitia saini mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali mbili katika kila kaunti, vikiwemo vya vyumba vya upasuaji na vya kutakasia vyombo, kwa takriban Sh38 bilioni. Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza ilitoa ripoti kali mwaka wa 2020, na miongoni mwa kasoro ilizobainisha ni vifaa vilivyofikishwa mahali pasipokuwa na maji, umeme au watumishi wa kuviendesha. Hapo vifaa vilichaguliwa kwanza, na mazingira yake yakakumbukwa baadaye.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inampa ushindi, katika zabuni nyingi, mwenye bei ya chini kabisa iliyokadiriwa. Wengi hulaumu sheria hiyo kwa kila kitu kibovu kinachoingia hospitalini. Nadhani lawama hizo zimepita kiasi. Sheria haimzuii mnunuzi kuandika masharti ya kiufundi, na atakayeshindwa kuyatimiza huondolewa kabla bei yake haijalinganishwa na za wengine. Tatizo ni kwamba masharti yanayoandikwa huwa yamenakiliwa kutoka katika vijitabu vya wauzaji. Yanataja ukubwa wa ncha na rangi ya mpini, hayataji maji ya Mombasa.

Chukua mfano wa hesabu tu, si bei halisi. Tuseme ncha ya chuma kitupu ni Sh500 na yenye utando ni Sh1,500. Ya kwanza ikitumika katika operesheni 20, kila operesheni imegharimu Sh25. Ya pili ikitupwa baada ya mara moja, ni Sh1,500 kwa kila mgonjwa. Ikidumu mara 20, ni Sh75, na zile Sh50 za ziada zinaweza kuwa nafuu kubwa ikiwa zinapunguza damu inayomwagika na dakika ambazo mgonjwa amelala amefunuliwa. Lakini ikiwa utando unadumu mara tano, na chombo kikaendelea kutumiwa mara 15 nyingine kikiwa kimebambuka, tumelipa bei ya utando kununua chombo kibaya kuliko cha Sh500. Tofauti kati ya hesabu hizi tatu ni namba moja tu: idadi ya maosho ambayo utando unaweza kustahimili. Ndiyo namba ambayo mnunuzi asipoidai hataipata.

Mtengenezaji anaijua, au anapaswa kuijua. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17664 kinamtaka atoe maelezo ya jinsi chombo chake kitakavyosafishwa na kutakaswa, pamoja na mipaka ya kukitumia tena. Kama maelezo yake yanasema ni cha mara moja, hospitali isijidanganye kwamba kitatumika mara ishirini. Kama anasema ni cha mara nyingi, aeleze ni maji ya aina gani aliyotumia katika majaribio yake.

Upo pia uwezo wa kuyahakiki majibu hayo bila ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoanza kama taasisi ya elimu ya Waislamu ya MIOME na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka wa 2013, kipo Tudor, kisiwani humu humu, na hufunza uhandisi wa vifaa vya tiba. Kupima utando hakuhitaji maabara ya kifahari. Huhitaji ncha chache za kila muuzaji, kipande cha ini la ng'ombe kutoka Marikiti, mashine ya umeme, mtungi wa mvuke, na maji matatu tofauti: ya Mzima, ya kisima cha Mji wa Kale, na yaliyochujwa. Kila ncha ichomwe, ioshwe, itakaswe, kisha itazamwe kwa hadubini, na zoezi lirudiwe mara hamsini. Matokeo yakiambatishwa kwenye hati za zabuni zijazo, kamati ya ununuzi itakuwa na karatasi moja ambayo haikuandikwa na muuzaji.